Kwa nini kutembea mchana kutwa kwenye mvua kunachosha kuliko juani?

Jongoo Mkavu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Naomba kueleweshwa. Wikiendi iliyopita mimi na wenzangu tulikwenda Bagamoyo kwa miguu kutokea Mwenge. Tulilala Bunju, kesho yake tukamalizia. Siku ya kwanza jua lilitubabua kweli, lakini Bunju tulifika tunataniana, na jioni watu wakatoka tena kutafuta chipsi. Siku ya pili mvua ilituanza kabla ya daraja la Mto Mpiji. Ikatunyeshea Mapinga, ikatunyeshea Kerege, Zinga ikapumzika kidogo watu wakavua makoti, halafu Kiromo ikatumalizia. Bagamoyo tumeingia hakuna anayeongea na mwenzake. Tunaye mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, ambaye siku zote hutuacha nyuma. Safari hii alikaa kwenye baraza la duka akashindwa kuinama kufungua kamba za viatu, ikabidi muuza duka amsaidie.

Sasa swali. Akili ya kawaida inasema jua ndilo linalochosha: jasho, kiu, kichwa kuuma. Mvua inapoza mwili, ilitakiwa itusaidie. Imekuwaje? Msiniambie ni uzee.

Kisoda
Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu wanakuja.

Mama Wawili Tegeta
Magari ya Bagamoyo pale Makumbusho yanaita abiria mpaka sauti zinakauka, ninyi mnakwenda kwa miguu kwenye masika. Halafu mnauliza kwa nini mmechoka. Poleni lakini.

Hesabu Kwanza
Mkuu, umelinganisha vitu visivyolingana. Mwenge hadi Bunju ni kipande kifupi, Bunju hadi Bagamoyo ndiyo safari yenyewe. Tena siku ya pili miguu ina deni la jana. Hata kungekuwa na mawingu matupu bila tone, mngechoka vilevile. Uzi ufungwe.

Jongoo Mkavu
Usifunge uzi wa watu. Kipande hichohicho tumewahi kukipita mwezi wa nane, tena baada ya kulala Bunju vilevile. Tulichoka, sikatai, lakini siku hiyohiyo tukaenda hadi Kaole kuangalia magofu. Safari hii Kaole hakuna hata aliyeitaja.

Fundi Soli
Mimi nashona viatu Mwenge, naomba nijibu kwa upande wangu. Jibu liko mguuni. Raba za siku hizi zina sponji nene kwenye ulimi na kisigino. Ikishiba maji haikauki leo wala kesho. Ndani yake kuna soksi ya pamba nayo imeshiba, chini kuna tope la pembeni ya lami limeganda kwenye soli. Huo mzigo unaunyanyua kila hatua, na uzito wa mguuni unakula nguvu mara kadhaa kuliko uzito huohuo ukiwa mgongoni. Zidisha kwa hatua za kutwa nzima. Hebu niambie, kwenye kundi lenu yupo aliyevaa katambuga? Alichoka?

Jongoo Mkavu
Katambuga hakuna. Ila kuna binti mmoja alivua raba Kerege akavaa yeboyebo alizonunua gengeni. Yeye ndiye aliyetangulia kufika.

Fundi Soli
Nimemaliza.

Nesi wa Zamu
Fundi, hujamaliza. Maji yanachukua joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Dar hakuna baridi ya kuogofya, lakini nguo ikilowa chapachapa na upepo wa bahari ukapiga, mwili unatumia nguvu kujipasha moto bila wewe kujua. Halafu kuna jambo watu hawaliwazi kabisa: kwenye baridi kiu inapungua na haja ndogo inaongezeka. Mtu anatembea kuanzia asubuhi hadi saa nane hajamaliza nusu chupa, anajiona amelowa anadhani maji anayo. Maji ya ngozini hayaingii kwenye damu. Mleta uzi, mlikunywa kiasi gani? Na mkojo ulikuwa wa rangi gani?

Jongoo Mkavu
Dada nesi, kwa mvua ile nani alikuwa na muda wa kukagua mkojo? Ila chupa yangu imerudi nyumbani bado ina maji ya Bunju.

Kisoda
Hahaha, maji ya Bunju yamekwenda kutalii Bagamoyo na kurudi.

Kipara wa Machame
Wakubwa shikamooni. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi kabla sijahamia Kimara, naomba niwape ya huko.

Njia ya Machame siku ya kwanza yote ni msitu. Unaanzia mita 1,800 hivi, unalala karibu mita 3,000, na mvua ya kule haibishi hodi. Nimeona wageni waliolowa mpaka mifupa wakafika kambini wanacheka, na waliolowa kidogo wakafika hawawezi kushika kijiko. Tofauti yao ni vituo. Juani unatafuta mti, unakaa, unakunywa maji, unamenya ndizi, unapiga soga. Kwenye mvua utakaa wapi? Gogo limelowa, jiwe limelowa, mkate ukiutoa unakuwa uji. Basi kila mtu anasema tusonge, tutapumzika mbele. Mbele nako kunanyesha. Saa tano zinapita hamjakaa wala kula, halafu mnakuja kusingizia viatu.

Na nyongeza kwa vijana. Nguo za kulalia zinafungwa ndani ya mifuko miwili na mchana hazivaliwi hata ukitetemeka. Asubuhi unarudia zilezile mbichi za jana. Inauma dakika chache tu. Ukijionea huruma asubuhi, usiku utalia.

Mama Wawili Tegeta
Mifuko ipi tena kaka? Rambo si zilipigwa marufuku tangu Juni 2019?

Kipara wa Machame
Dada, viroba vya sukari vina nailoni ndani. Unaichomoa, unaosha, unaanika. Ukifunga, shingo yake unaisokota kisha unaikunja ndipo unafunga kamba. Ukifunga bila kukunja, maji yanaingia.

Fundi Soli
Kipara, sijasingizia. Binti wa yeboyebo ametangulia, hilo hujalijibu.

Mbongo Virginia
Nawasalimu kutoka huku Marekani. Kipara yuko sahihi nusu. Huku kuna Njia ya Appalachian, karibu kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, inapita majimbo 14, na karibu robo yake iko jimbo hili ninaloishi. Huwa naingia vipande vya wikiendi. Njiani kuna vibanda vya mbao vya kuta tatu, upande wa nne uko wazi, zaidi ya 250 kwa njia nzima. Kwa hiyo pa kukaa papo, pakavu kabisa. Na bado siku ya mvua inaua.

Mimi nalaumu macho. Njia ina alama za rangi nyeupe kwenye miti, kila moja upana sentimita 5, urefu 15. Siku kavu unainua uso, unaiona alama iliyo mbali, unakwenda. Siku ya mvua unaangalia mahali pa kuweka kiatu basi: mzizi unateleza, jiwe linateleza, majani yamefunika shimo. Kofia ya koti imekuziba pembeni. Magoti yamekaza kwa kuogopa kuanguka. Ukifika, shingo inauma kuliko miguu.

Halafu msije mkadhani dawa ni koti la bei mbaya. Mwaka 1955 bibi mmoja wa miaka 67, Emma Gatewood, aliitembea njia hii yote peke yake kwa mkupuo mmoja, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Raba za turubai mguuni, mfuko alioushona mwenyewe begani, na cha kujikingia mvua alibeba pazia la bafuni.

Kisoda
Pazia la bafuni!! Kesho niko Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kulinunua.

Hesabu Kwanza
Lami ya Bagamoyo haina mizizi mkuu. Nadharia ya macho inafaa huko kwenu, huku mtu anaweza kutembea amefumba.

Konda Mstaafu
Afumbe macho kwenye barabara ya Bagamoyo? Huyo hatafika Bagamoyo, atafika kwingine. Nimeifanyia kazi barabara ile. Mvua ikinyesha, lori linakuja limewasha taa na nyuma yake kuna ukungu wa maji, dereva hakuoni. Anayetembea apite kulia, magari yamkabili uso kwa uso, na kila likija lori ashuke kwenye majani. Shuka, panda, shuka, panda, kutwa nzima, huku umeshika moyo. Mnasema macho ya Virginia, mimi nasema hofu ya lori.

Fundi Soli
Raba za turubai hazina sponji. Bibi yuko upande wangu tangu 1955.

Kijukuu cha Msafara
Mnahangaika na Marekani wakati mleta uzi alikuwa juu ya njia ya misafara yenyewe! Wapagazi walitoka Ujiji na pembe wakapita hapohapo Bunju kuja Dar, wala hawakuwa na makoti.

Mwalimu wa Zamani
Mjukuu wangu, rekebisha kidogo. Njia ya misafara haikupita Bunju. Ilianzia Bagamoyo kwenda bara: Mpwapwa, Tabora, Ujiji, kilomita 1,200 hivi. Dar yenyewe Sultani Majid alianza kuijenga miaka ya 1860, wakati misafara imeshazoea Bagamoyo. Njia hiyo imo kwenye orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa UNESCO tangu 2006.

Kuhusu mvua, wale wazee walitupita akili. Wanyamwezi wengi walishuka pwani kiangazi, mvua zikikaribia wakarudi kulima. Aliyeingia kichwa kichwa ni Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone. Aliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika yakamkuta kwenye bwawa la Makata upande wa Kilosa. Watu waliugua, punda walikufa. Na fundi asije akafurahi sana, lakini mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Pembe hainywi maji. Jora la merikani, kile kitambaa cha pamba, linakunywa.

Fundi Soli
Mwalimu shikamoo. Naomba niweke maneno yako ukutani kibandani kwangu.

Kijukuu cha Msafara
Sawa mwalimu, lakini si huyohuyo Stanley aliyeleta mwili wa Livingstone Bagamoyo?

Mwalimu wa Zamani
Hapana. Ni Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao. Livingstone alifariki Mei 1873, ndani ya Zambia ya leo, na mwili ukafika Bagamoyo Februari 1874. Hesabu mwenyewe miezi, uone mvua gani ilikuwa katikati.

Mama Wawili Tegeta
Tumeanza na chipsi za Bunju, sasa tuko Zambia.

Yeboyebo Mwenyewe
Nimetumiwa uzi huu na mtu, nikajiunga ili nijitetee. Mimi ndiye binti wa yeboyebo.

Fundi, samahani, siyo viatu. Wenzangu walipita Kerege bila hata kugeuza shingo. Mimi niliingia chini ya turubai la mama mmoja anayeuza uji. Turubai limebeba maji katikati, limeshuka mpaka karibu ligonge vichwa vya wateja. Yule mama anakoroga uji kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameshika mpini wa ufagio, kila baada ya muda anasukuma tumbo la turubai, maji yanamwagika barabarani pwaa, anaendelea kukoroga bila kuangalia. Nilikunywa uji wenye pilipili manga na maandazi, nikavua soksi nikazikamua. Nyayo zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, na uzi wa soksi umejichora wote kwenye ngozi, mistari kwa mistari. Mama akaangalia miguu yangu, akachukua kopo lake la mafuta ya mgando akaniambia, "Pakaa mwanangu, hiyo miguu siyo ya kurudisha kwenye viatu." Ndipo nikanunua yeboyebo genge la pili.

Kwa hiyo Kipara ndiye mwenye jibu. Nilikaa, nikala. Nikawakuta Zinga wanagombana nani aliyesema mvua haitanyesha.

Kipara wa Machame
Ahsante binti. Nyumba iko kimya sasa.

Jongoo Mkavu
Hatukugombana, tulikuwa tunajadiliana. Na tangu Kerege tumekuacha karibu saa nzima. Umetukutaje Zinga? Bodaboda imehusika hapa.

Yeboyebo Mwenyewe
Leta ushahidi.

Konda Mstaafu
Mvua kubwa boda wa kule wanajibanza vituoni, wachache ndio wanaokubali. Lakini wapo.

Yeboyebo Mwenyewe
Konda, wewe ni shahidi wa upande gani?

Nesi wa Zamu
Nyayo kukunjamana nako watu hukuelewa vibaya. Wanadhani ngozi imevimba kwa kunywa maji. Mishipa midogo ya damu ndiyo inayosinyaa kwa amri ya neva. Mtu aliyekatika neva ya kidole, kidole hicho kikikaa majini hakikunjamani kama vingine.

Na malengelenge, sikilizeni. Ngozi yenye unyevu inakwaruzana kuliko ngozi kavu, lakini ngozi iliyolowa kabisa inateleza, haikwaruzani sana. Hatari ni pale katikati. Zinga mvua imeacha, miguu ikaanza kukauka nusunusu ndani ya kiatu kile kile, mkaendelea kutembea. Nadhani pale ndipo mlipochubuka, na mtu aliyechubuka anabadili mwendo, anatupa uzito upande mmoja, nyonga inaanza kuuma. Mzee wenu aliyeshindwa kuinama ningependa kujua alikuwa anachechemea tangu wapi.

Jongoo Mkavu
Alianza baada ya Zinga, kweli. Lakini yeye anasema ni goti la jeshini.

Porojo za Sinza
Mimi sijawahi kutembea kupita Ubungo, ila naona mmeruka kitu. Mleta uzi ameandika mwenyewe: "hakuna anayeongea na mwenzake". Kofia zimefunikwa, mvua inapiga nailoni, hamsikilizani, kila mtu amebaki na mawazo yake na kodi ya nyumba. Juu kijivu, huoni jua limefika wapi, hujui ni saa nne au saa tisa. Mtu anachoshwa na kutojua amebakiza nini. Wanajeshi si huimba wakikimbia? Hawaimbi kwa sababu wana furaha.

Kipara wa Machame
Hapo umegusa. Mlimani mgeni akinyamaza, kiongozi anaanza kumwuliza majina ya watoto wake. Kimya cha mvua ni dalili. Pia kinaweza kuwa baridi imeanza kumwingia, kwa hiyo unasikiliza kama ulimi ni mzito.

Nesi wa Zamu
Sahihi. Ulimi mzito na vidole kushindwa kufungua zipu au kamba. Mleta uzi, soma tena ulichoandika kuhusu kamba za viatu.

Jongoo Mkavu
Bagamoyo nesi, siyo Machame! Mtu apate baridi hiyo kwa mihogo ya kukaanga kila kona?

Nesi wa Zamu
Kulowa tangu Mpiji, upepo, tumbo tupu, umri wake. Sijasema ndivyo, nimesema soma tena.

Bint Mbweni
Kwa nini hamkupita ufukweni? Mchanga, hakuna lori.

Konda Mstaafu
Mdogo wangu, masika mito inashuka yote. Mdomo wa Mpiji ukiwa umejaa na bamvua limejaa, unavukaje? Bado mikoko. Halafu ufukweni ukiwa wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote, radi inakuona.

Bint Mbweni
Unajificha chini ya mnazi.

Kisoda
Mnazi!! Jamani mzuieni huyu.

Hesabu Kwanza
Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Zikiwa chini ya kumi ingia ndani ya nyumba au gari. Mti ulio peke yake achana nao, uwe mnazi uwe mkorosho.

Mama Wawili Tegeta
Picha ziko wapi? Uzi mrefu hivi hata picha ya huo uji hakuna.

Jongoo Mkavu
Simu iko kwenye mchele tangu Jumapili.

Nesi wa Zamu
Mchele hausaidii, unaingiza vumbi kwenye tundu la chaji. Zima, futa, iache penye upepo.

Kijukuu cha Msafara
Yangu iliponea kwenye mchele wa Mbeya.

Mama Wawili Tegeta
Mchele wa Mbeya unaufukia simu? Kuna watu mna pesa humu.

Yeboyebo Mwenyewe
Yangu nzima. Ilikuwa kwenye kiroba cha sukari, nilifunga bila kukunja na maji hayakuingia. Samahani Kipara.

Kipara wa Machame
Binti, maji hayakuingia kwa sababu ulikuwa chini ya turubai saa nzima. Au kwenye boda.

Mgeni Leo
Sijasoma yote, uzi mrefu sana. Ila jibu ni viatu. Vikilowa vinakuwa vizito.

Fundi Soli
Huyu apewe soda kwa gharama yangu.